Mtetemo na Haki ya Jirani

Sauti ni mtetemo. Ngozi ya ngoma, uzi wa udi na koo la mwimbaji hutetema kwanza, ndipo sikio lipate fungu lake. Basi mnunuzi wa Kariakoo aelezwapo kwamba spika zake zataka miguu ya mpira, na santuri yake meza nzito ya kuzuia mtetemo, ana haki ya kuuliza: vipi mzazi wa sauti awe ndiye adui yake?

Jawabu limo katika sindano. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika hubeba muziki katika mfereji ambao mawimbi yake ni membamba mfano wa unywele. Sindano haijui kupambanua: kutikiswa na mfereji na kutikiswa na sakafu kwake ni mamoja. Hatua ya mpita sebuleni, au besi ya spika iliyowekwa juu ya meza ile ile, huingia ndani ya wimbo na kuuchafua. Hapo kinga ni lazima. Lakini wimbo uliohifadhiwa kwa tarakimu katika simu hauna sindano, wala tarakimu zake hazigeuki kwa meza kutikisika. Anayeuziwa kigoda cha thamani cha kuwekea simu hiyo huuziwa maneno. Na afumbwe macho, asijue kigoda kipo au hakipo, kisha aseme asikiacho.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi santuri. Waliozisikiliza kwa gramafoni za kuzungushwa kwa mkono waliusikia na mkwaruzo wa sindano, na sifa ya Siti haikupungua kwa hilo. Si kwamba usafi wa sauti ni upuuzi. Usafi ni heshima kwa aliyeimba. Ila heshima hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni ukuta.

Katika nyumba ambazo chumba hupakana na chumba, besi haikomei kwa mwenye spika. Hupenya sakafuni na ukutani, ikamfikia mgonjwa, mtoto mchanga, na aliyerejea alfajiri kutoka zamu ya usiku. Honi ya pantoni la Kivukoni nayo hukatiza usingizi, lakini pantoni huvusha watu, na haja ya watu ni udhuru. Starehe ya mmoja haina udhuru huo.

Mpira chini ya spika hupunguza kishukacho sakafuni. Kipitacho hewani hakizuiliwi na mpira huo; dawa yake iliyo karibu ni mkono wa mwenyewe kupunguza sauti. Basi anayeikinga sindano yake na tetemo la mtaa, naye akautetemesha ukuta wa jirani, ameielewa nusu ya elimu aliyoinunua. Nusu iliyobaki haiuzwi dukani: ni kujua kwamba upande wa pili wa ukuta pana sikio jingine, nalo halikuuchagua wimbo ule.