Mchungaji Yuko Baharini



Nianze kwa kuungama. Mwanzoni mwa Januari gombera aliponiruhusu kwenda kupumzika kwa mjomba, nilifungasha vitabu vitatu, rozari na daftari la tafakari. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa hii: bahari, ukimya, na mimi nimekaa chini ya mnazi nasali Masifu ya Jioni huku upepo wa kaskazi ukinipuliza. Yaani mafungo ya bure kabisa. Vitabu vile vimerudi seminarini bila kufunguliwa, na kimoja kina doa la mafuta ya samaki kwenye jalada.

Mjomba wangu ni mchungaji wa Kilutheri. Mama alizaliwa na kulelewa huko, akahamia kwetu alipoolewa na baba, na hadi leo ukoo wetu ukikutana msibani tunahitaji vitabu viwili vya nyimbo. Kuna watakaoshangaa frateri kwenda likizo kwa mchungaji. Mwenzenu nilikula ugali wa nyumba ile kabla sijajua neno "dhehebu", kwa hiyo tuendelee.

Usharika wake uko mkoani Morogoro. Desemba kwa mchungaji si likizo, mnajua wenyewe: ubatizo, ndoa, Krismasi, mkesha wa Mwaka Mpya. Kwa hiyo familia yake hupumzika watu wengine wakiwa wanarudi kazini. Mwaka huu shemeji yake aliwaachia nyumba Bagamoyo, dakika kumi kwa miguu kutoka ufukweni, siku tisa kabla ya shule kufunguliwa. Na siku hizo tisa zilikuwa na uzito wake, maana kijana wao mkubwa alikuwa amemaliza darasa la saba na anakwenda kuanza kidato cha kwanza, bweni, mbali.

Sasa sikilizeni ratiba ya mapumziko. Saa kumi na mbili asubuhi watoto wako mlangoni na ndoo, wanataka kwenda kuona mnada wa samaki. Mama mchungaji anapanga bei na wavuvi kama aliyezaliwa pale. Maji yakipwa, bahari ya Bagamoyo inarudi nyuma mbali kweli, inaacha uwanja mzima wa mchanga mgumu, na hapo ni mpira mpaka miguu iishe nguvu. Maji yakijaa, ni kuogelea. Mchana jua linawaka mpaka mchanga unachoma nyayo, tunarudi kukaanga samaki, kuanika nguo, kugombania feni. Jioni wageni: waumini wa zamani wanaoishi Dar es Salaam wamesikia mchungaji yuko Bagamoyo, wamekuja "kumsalimia tu", watu saba, na chakula cha watu sita. Siku moja tulikwenda magofu ya Kaole. Kitindamimba, wa miaka mitano, akaniuliza kama waliojenga misikiti ile walihama kwa sababu ya joto.

Nilicheka sana siku zile. Na usiku, nikiwa nimelala kwenye mkeka sebuleni, nikimsikia mjomba anasali na mkewe kwa sauti ya chini chumba cha pili, nilisikia kitu kingine pia. Wivu. Sitaki kukipamba. Unaweza kuwa na digrii ya falsafa na kuijua nadharia yote ya useja mtakatifu, halafu sauti mbili za watu wanaotaja majina ya watoto wao mbele za Mungu zikakukosesha usingizi.

Lakini kulikuwa na mtu wa tisa katika nyumba ile, naye ni simu ya mjomba. Ilikaa mezani kama mgeni wa heshima. Iliita wakati wa chai, iliita tukiwa majini, na mjomba alitoka kwenye maji akikimbia, mikono inadondosha maji, kwenda kusikiliza habari ya spika za kwaya. Wenzangu wa VIWAWA na wa kwaya mnaielewa simu hiyo.

Siku ya Jumamosi asubuhi mjomba alikuwa amemwahidi kijana wake safari ya ngalawa, wao wawili peke yao na nahodha. Alikuwa ameiahidi tangu Oktoba. Saa moja kasoro simu ikaita: mzee wa kanisa amefariki. Mjomba alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Baada ya nusu saa mchungaji alikuwa stendi na begi lake la joho. Kijana hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Nilijua." Akarudi kulala, saa mbili asubuhi, Januari, kwenye jua lile.

Naomba nieleweke: mjomba hakufanya dhambi. Msiba ni msiba. Mchungaji anayekaa ufukweni huku waumini wake wanazika tungemsema sisi wenyewe. Ila nilipoliona lile shuka limefunika kichwa cha mtoto, mawazo mawili yalinijia. La kwanza lilikuwa la huruma. La pili, nikiri, lilikuwa la faraja: "Angalau mimi sitamfanyia mtoto yeyote hivi." Nikalibeba wazo hilo siku mbili kama medali. Useja wangu ukawa una maana ghafla, nikasinzia vizuri.

Mjomba alirudi Jumatatu usiku. Jumanne alitupeleka wote kwenye misheni ya zamani, ile ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Tulipita njia ya miembe, tukasimama kwenye makaburi ya wamisionari, wengi wao walikufa vijana kwa homa. Kisha tukafika kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Watu huuita mnara wa Livingstone, kwa sababu Februari 1874 mwili wake ulilazwa hapo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba kwa miguu miezi mingi hadi pwani. Mmisionari wa Kiprotestanti, amepokewa na mapadre Wakatoliki, akasubiri meli. Mjomba alifurahi sana na habari hiyo. "Unaona, mjomba," aliniambia, maana tunaitana hivyo hivyo, "hata wewe umepokelewa kwangu kwa kulipa deni."

Hapo nikaongeza la kwangu bila kufikiri. Wanafalsafa tuna ugonjwa huo wa kuongeza. Nikawaambia kwamba Livingstone alikuwa na familia. Mwaka 1852 aliwapandisha meli mkewe na watoto kwenda Uingereza, yeye akabaki kuendelea na safari zake. Binti yake wa mwisho alizaliwa 1858, na baba yake alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1864. Na kwamba baadaye, akitazama nyuma miaka yake ya utume, aliandika kuwa jambo moja lilimchoma: kwamba hakuona kuwa ni wajibu wake kutenga muda wa kucheza na watoto wake.

Nilipomaliza nikagundua hakuna anayezungumza. Kijana alikuwa anachora chini kwa ncha ya kandambili. Mjomba alivua kofia, akaivaa tena, akasema twende tukanunue madafu.

Kesho yake, Jumatano baada ya Tokeo la Bwana, niliamka mapema kwenda Misa. Injili ya siku hiyo ni ya Marko, sura ya 6, kuanzia mstari wa 45. Mnajua kinachotangulia. Mitume wamerudi kutoka utumeni wamechoka, watu wanaingia na kutoka mpaka hawana nafasi hata ya kula, na Yesu anawaambia waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Umati unakimbia kwa miguu, unawatangulia kufika. Yesu anashuka, anawaona, anawahurumia, anawafundisha, anawalisha kwa mikate mitano na samaki wawili. Hiyo tumeisikia mara nyingi, na wahubiri wengi huishia hapo: mapumziko ya mtumishi yalivunjika, na ikawa vyema. Katika Dominika za Mwaka B ndivyo tunavyoisikia. Dominika ya 16 inaishia Yesu akifundisha, na inayofuata tunahamia kwa Yohane. Mstari wa 45 wa Marko unapita siku ya kazi, tukiwa wachache kanisani.

Na mstari huo unasemaje? Mara baada ya watu kula, Yesu anawalazimisha wanafunzi wapande mashua watangulie ng'ambo, huku yeye mwenyewe akiuaga umati. Akiisha kuagana nao, anapanda mlimani kusali.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa kama nimepigwa kofi. Bwana aliuaga umati! Wale wale aliowahurumia mchana. Hakusubiri shida zao ziishe, maana hazikuisha. Kesho yake walikuwa bado ni wagonjwa na maskini. Na tazameni namna alivyofanya: hakuwaachia wanafunzi kazi ya kuwaambia watu "nendeni nyumbani." Mapema walikuwa wametaka wenyewe watu waondolewe wakajinunulie chakula, akawakatalia. Sasa watu wameshiba, anawatoa wanafunzi kwanza, yeye anabaki kubeba lawama ya kuaga. Huruma ile na kuaga kule vilitoka katika moyo mmoja, siku moja.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa, anakumbusha kisa cha zamani kuhusu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta anacheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Akamwomba mmoja aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, akamuuliza kama anaweza kuendelea bila kuacha. Yule akasema upinde utavunjika. Thomas anaendelea hadi kufundisha kwamba kucheza kwa kiasi ni sehemu ya fadhila, na kwamba mtu asiyejua kabisa kucheza ana kasoro ya kimaadili. Tulipofundishwa hilo darasani tulicheka tukaandika, tukaenda kulala saa saba usiku kwa ajili ya mtihani.

Ila pale kwenye benchi nilikuwa siwazi mjomba tena. Nilikuwa nawaza ile medali yangu. Ati mimi sitamuumiza mtoto. Wapendwa, kama sababu ya useja wangu ni kwamba hakutakuwa na mtu nyumbani wa kuniambia "nilijua," basi nimechagua upweke nikauvisha kanzu. Padre anayeishi na umati saa ishirini na nne hana mtoto wa kumfunika uso kwa shuka, ndiyo. Anayefunikwa ni Bwana katika tabernakulo, anayesubiri mlimani mtu asiyepanda. Na mama yake mzazi pia. Desemba yote mama yangu alinipigia simu, na kila mara nilimjibu haraka haraka: "Mama nipo kwenye semina ya vijana, nitakupigia." Semina ilikuwa ya kweli. Mada yangu ilikuwa "Familia, Kanisa la Nyumbani." Sikumpigia.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mjomba amekaa barazani. Nikamsimulia Injili ya siku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kilutheri chao wanasoma Biblia hiyo hiyo na mstari huo ameuhubiri mara nyingi. "Lakini nilihubiri ile sehemu ya kutembea juu ya maji," akasema. Akaingia ndani. Nilimsikia akimpigia mwinjilisti wake na mchungaji jirani, sauti ya kikazi kabisa, akipanga nani ashughulikie nini mpaka Jumapili. Mazungumzo yalichukua dakika kumi na tano. Miaka kumi na nne ya likizo, dakika kumi na tano.

Alhamisi maji yalipojaa walipanda ngalawa, baba na mwana. Sisi wengine tulibaki ufukweni. Simu alikuwa nayo mama mchungaji kwenye kanga, na iliita, kwa nini isiite? Akapokea, akasikiliza, akaniangalia kwa jicho la pembeni, akasema kwa heshima zote: "Bwana asifiwe. Hapana, baba. Mchungaji yuko baharini." Kisha, baada ya kusikiliza tena: "Ndiyo, na mwanawe."

Sitawadanganya kwamba kijana alirudi amebadilika. Alirudi ana njaa na mabega yameungua. Alipoulizwa na dada yake kama ilikuwa nzuri alisema "kawaida." Lakini usiku ule alikuwa anamwonyesha baba yake namna ya kufunga fundo la kamba alilofundishwa na nahodha, na baba alikosea mara nne, na mara ya nne nadhani alikosea makusudi. Jumapili jioni walimpeleka shuleni.

Nami niwaage hapa. Nilikuwa na mengine ya kuandika kuhusu Sabato, yatakuja wiki nyingine. Ni saa tatu usiku, na mama hulala mapema.