Twiga Haonekani Kwenye Rada

Sisi wa Lemara tumezoea mlio wa ndege ndogo. Zinapaa Kisongo na watalii wao kuelekea Serengeti, nasi tunaendelea kusubiri daladala. Siku hizi kijana mwenye kompyuta na kijiredio cha kuchomeka anaweza kuzitambua moja moja. Ndege nyingi hupata mahali zilipo kutoka kwenye setilaiti, kisha hujitangaza zenyewe karibu mara 2 kila sekunde, kwenye masafa ya megahezi 1090: mimi ni fulani, niko hapa, niko juu kiasi hiki. Kizuizi ni mlima. Mawimbi hayo huenda moja kwa moja, hivyo ndege iliyo chini upande wa pili wa Meru, mtu wa Lemara haipati.

Rada yenyewe haingoji kuambiwa. Inatupa mawimbi, yakigonga ndege yanarudi kama mwangwi.

Swali langu ni hili: ukishaiona ndege, umejua nini?

Tuchukue mkasa wa nyumbani. Novemba 2010, ndege ya jeshi la Qatar ilitua KIA. Haikutua porini usiku wa manane. Ilitua kwenye uwanja wa kimataifa wenye mnara na maofisa. Ikapakia wanyamapori hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga 4, ikaenda zake. Twiga, bwana! Si kitu cha kuficha mfukoni. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistani miaka 60 jela, naye alikwisha kutoroka.

Hata ungefunga antena juu ya kila bati la Lemara, ungeambiwa ndege ipo. Usingeambiwa tumboni mna twiga. Hilo hulijua watu: anayekamata, anayebeba, anayefungua geti.

Wengine watasema tununue mashine bora zaidi. Haya, tulishanunua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya BAE ya Uingereza ilituuzia rada kwa pauni milioni 28, na hata huko kwao wapo waliopiga kelele kwamba ni ghali mno kwa nchi maskini. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za mahesabu. Ikatulipa pauni milioni 29.5, tukaziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Chombo cha kuona mbali, lakini hesabu yake ilikuwa gizani!

Najua utaniuliza: mbeba mizigo afanye nini? Akisema, kesho hana kibarua na watoto wanataka uji. Kweli kabisa. Ndiyo maana deni la kusema halilingani. Mwenye cheo analo kubwa, kwa sababu anaona zaidi na ana pa kusemea. Mnyonge analo dogo, lakini analo. Kusema "nilikuwa nafuata maagizo tu" ni kujigeuza mashine, na mashine, hata iwe nzuri vipi, haina aibu.

Basi rada zinunuliwe, ndege zisigongane. Lakini ulinzi wa mali ya nchi tusiutundike kwenye antena. Ndege inajitangaza kwa sababu imefungwa chombo cha kufanya hivyo. Binadamu lazima aamue mwenyewe. Wewe ukiona, utasema?