Deni la Mipira 37

Mkulima wa Laela, katika uwanda wa juu wa Ufipa, hapandi juu ya ardhi kama alivyoikuta. Mvua zikiwa bado zinanyesha hugeuza nyasi kwa jembe, akazifukia, akainua tuta la mviringo liitwalo ntumba. Nyasi huoza humo ndani. Juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata tuta hutawanywa ili shamba lipokee ulezi. Wafipa walilima hivyo muda mrefu kabla ya mbolea ya dukani. Katika kilimo cha namna hiyo pupa haina pa kukaa. Asiyeweza kungoja nyasi zioze hakosi yeye peke yake, hukosa na watoto wake, na si ajabu kwamba mahali kama hapo subira huhesabiwa kuwa nusu ya utu.

Lakini je, pupa ni mbaya kwa asili yake, au ubaya wake hutegemea nani anayeilipia? Wanafalsafa wameandika mengi juu ya ujasiri na kiasi. Mtu mmoja ambaye hakuwa mwanafalsafa alilichukua swali hili mwilini mwake kwa karibu miaka ishirini, mbele ya mamilioni ya watu, na alilianzia katika nchi ya jirani. Mtu huyo ni Shahid Afridi, mchezaji kriketi wa Pakistan.

Kriketi si mchezo mgeni pwani. Enzi za Waingereza ilichezwa Mnazi Mmoja, Unguja. Kwa asiyeijua, inatosha kusema kwamba mpigaji hulinda vijiti vitatu nyuma yake, na akikosea mara moja tu hutoka, wala harudi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walimfunza mwanafunzi kuzuia kwanza, kupiga baadaye. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi, mpigaji hupata mikimbio sita, lakini mpira unaopaa ndio huo huo unaodakwa.

Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Gymkhana wa Nairobi, Pakistan ilicheza na Sri Lanka. Afridi alikuwa ameitwa kama mrusha mpira, kuziba pengo la Mushtaq Ahmed aliyeumia. Katika mechi yake ya kwanza, siku mbili kabla, hakupata hata zamu ya kupiga. Safari hii alipelekwa kuwa wa tatu, akiwa na gongo ambalo, kwa masimulizi yake mwenyewe, lilikuwa la Sachin Tendulkar na lilimfikia kwa mkono wa Waqar Younis. Alifikisha mikimbio mia kwa mipira 37. Rekodi ya zamani ilikuwa mipira 48, nayo ilikuwa ya Sanath Jayasuriya, ambaye siku hiyo alikuwa upande wa pili akiurusha mpira na kuutazama ukipaa. Afridi alitoka na mikimbio 102 kwa mipira 40. Sita zilikuwa kumi na moja. Rekodi hiyo ilidumu hadi tarehe 1 Januari 2014.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Malenga kijana husimama arusini, akajibu shairi papo kwa papo, vina vikamjia kama vilivyokuwa vikimngoja mlangoni. Tangu usiku huo hakuna arusi atakayohudhuria bila kuombwa afanye tena vile. Kilichokuja kama zawadi kimegeuka kodi. Nani aliyeitoza? Aghalabu hulaumiwa malenga kwa kutokomaa, na hadhira husahauliwa, ilhali hadhira ndiyo iliyokataa kusikiliza tungo zake zilizokaa mwaka mzima zikichujwa.

Afridi aliilipa kodi hiyo hadi mwisho. Katika mechi 398 za siku moja alifikisha mia mara sita tu, hesabu ya Nairobi ikiwamo. Wastani wake ulikuwa mikimbio 23.57, Tendulkar, mwenye gongo, alimaliza na 44.83. Kwa upande mwingine, kwa kila mipira mia alipata mikimbio 117, na sita zake zilifika 351. Mara ngapi timu ilihitaji mtu wa kukaa na kungoja, naye akapaisha mpira wa pili au wa tatu akadakwa! Waliobaki kumi ndio waliobeba. Hata hivyo, hatari ile ilikuwa ya wazi. Aliyemchagua alijua anachokichagua, aliyelipa kiingilio alijua anachokinunua. Pupa ya namna hiyo inaweza kulaumiwa kwa hasara yake. Ni vigumu kuiita dhuluma.

Dhuluma iko kwingine. Faisalabad, Novemba 2005, mtungi wa gesi ulilipuka uwanjani, watu wakageuza nyuso, naye akakitia kiatu chake katika ardhi ya kupigia na kukizungusha ili aiharibu. Kamera ilimwona, akafungiwa. Perth, Januari 2010, aliung'ata mpira, akafungiwa tena. Hapa bei haikutangazwa. Ilichotwa mfukoni mwa mwingine. Tena katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019 aliandika kwamba alizaliwa mwaka 1975, si 1980 kama ilivyosajiliwa, na papo hapo akasema kwamba siku ya Nairobi alikuwa na miaka kumi na tisa, hesabu ambayo haikubaliani na mwaka aliouandika mwenyewe. Mipira 37 haipungui wala haizidi kwa sababu hiyo. Lakini sifa ya kuwa mdogo kuliko wanaume wote waliopata mia katika mechi za kimataifa za siku moja ilijengwa juu ya miaka 16 ya kwenye karatasi. Ikiwa karatasi ilidanganya, basi kwa umri ulioandikwa sifa hiyo ni ya Usman Ghani wa Afghanistan, aliyepata mia yake mwaka 2014 akiwa na miaka 17. Huyo hakuulizwa kama angependa kulipia.

Yupo Afridi mwingine, ambaye hutajwa mara chache kuliko yule wa Nairobi. Machi 2009 basi la timu ya Sri Lanka lilishambuliwa kwa risasi mjini Lahore, na timu za nje zikaacha kwenda Pakistan kwa miaka. Juni 21 ya mwaka huo huo nchi hizo mbili zilikutana Lord's, London, katika fainali ya dunia ya ova ishirini. Sri Lanka ilipata 138. Afridi aliingia wa tatu, kama Nairobi. Umati ulitaka sita. Yeye alichukua mkimbio mmoja, akangoja, akachukua mwingine, akapiga palipostahili kupigwa, wala hakutolewa. Pakistan ilishinda zikiwa zimebaki wiketi nane. Aliicheza mipira 40, idadi ile ile ya mwaka 1996, akapata mikimbio 54, na Jayasuriya alikuwa uwanjani siku zote mbili.