Siku ya Kuzaliwa ni Sifa ya Nani?

Swali langu ni fupi, ndugu msomaji: siku ya kuzaliwa tunamsherehekea nani, na kwa lipi alilofanya? Hapa Maisaka mambo ni yale yale ya miji yote. Mshikaji anatimiza miaka 21, tunachanga, keki inakuja, jamaa anamwagiwa ndoo nzima ya maji, picha, basi. Nami huwa nachanga. Ila mwenye jasho siku ile alikuwa mama yake, na mama tunamkuta jikoni anakaanga maandazi ya wageni!

Nimekuwa nasoma habari za Wayahudi, watu wa kalenda hasa, nikitegemea kukuta bethidei za kutisha. Wa siku hizi wanakata keki kama sisi, na kutakiana kufika 120, umri wa Musa. Lakini katika vitabu vitano vya Musa anayetajwa kufanya karamu ya siku yake ya kuzaliwa ni Farao peke yake, Mwanzo sura ya 40, na siku hiyo mwokaji wake mkuu akatundikwa. (Mwaliko wa namna hiyo mimi siendi.) Ayubu yeye aliilaani kabisa siku aliyozaliwa.

Inayoshikwa kwa nguvu ni siku ya kufa. Kila mwaka ikifika, watoto wa marehemu huwasha mshumaa wa kuwaka usiku na mchana wake, wakasema sala ya Kadishi. Hili sisi tunalijua bila kufundishwa. Pita makaburini kwetu usome misalaba: kuzaliwa, mwaka tu, au pengo, kufariki, siku, mwezi na mwaka.

Halafu kuna 13. Mvulana wa Kiyahudi akifika umri huo ni bar mitzva, yaani mwana wa amri; msichana ni bat mitzva akiwa na 12. Kuanzia hapo kosa lake ni lake, na kuna dua ambayo baba husema kushukuru kwamba mzigo huo umemtoka. Mvulana sasa anahesabiwa katika wale kumi ambao bila wao sala ya jumuiya haikamiliki. Jumuiya nyingi za leo huhesabu na wasichana. Wakiwa tisa wanamsubiri yeye. Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikawaza. Kumbe mtu anaweza kuingia duniani mara mbili, mara ya pili akiwa anatakiwa!

Bibi yangu hana tarehe. Kwenye karatasi zake karani alimwandikia mosi Januari. Nikamuuliza, bibi, wewe ulianza lini? Akasema, "Siku mama alipofariki nikabaki na wadogo watatu, mjukuu wangu. Ilikuwa Alhamisi." Siku hiyo anayo, hata bila cheti.

Mshikaji wangu mmoja alinibishia, tena vizuri. Kama mtu anaanza pale anapobeba mzigo, vipi mtoto wa jirani yetu aliyekufa na miaka minne? Hakubeba kitu. Hakuwa mtu? Nilikosa jibu, na bado sina zuri. Labda ndiyo kazi ya keki: kumwambia mtu tumefurahi upo, hata kama hujatufaa kwa lolote. Basi nitaendelea kuchanga.

Lakini kisa kinachonikosesha usingizi kiko Uganda, karibu na Mbale, kwa Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekwisha kuwatumikia Waingereza wakakosana, alijitahiri mtu mzima pamoja na wanawe, akatangaza kwamba wao ni Wayahudi. Alikufa 1928, wafuasi wakabaki. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengine walibadili dini, wengine wakasali kwa kujificha. Alipoanguka 1979 walikuwa wamebaki mia chache tu. Mwaka 2002 wakaja marabi kutoka nje, na mamia ya Abayudaya wakazamishwa majini ili watambuliwe rasmi. Sasa sikiliza: sheria ya Kiyahudi inasema aliyeongoka ni kama mtoto aliyezaliwa leo.

Mfikirie mzee aliyeishika Sabato kwa siri wakati wa Amin, kila Jumamosi akijua kwamba jirani mmoja mwenye mdomo anatosha kumpeleka ndani. Anatoka majini anaambiwa hongera, umezaliwa. Mimi ningekasirika. Si wote waliokwenda majini mwaka ule. Wa Putti walishika njia yao, wakitaka kupokelewa na Waothodoksi. Waliokwenda walifurahi, nami sina haki ya kuwafurahia kidogo. Ila kama ningekuwa naandika riwaya yake, yule mzee ningempa bethidei tatu: ile ya mama yake, ile ya majini, na Jumamosi ya kwanza aliyofunga mlango akasali kimya.

Ya tatu hakuna aliyeiandika tarehe.