Je, Ni Haki Kuchunguza Habari za Mtu katika Intaneti?

Siku hizi mtu akitaka kujua habari za mwenzake, mara nyingi haendi tena kwa majirani kuuliza. Hutwaa simu yake, huandika jina la mtu yule katika intaneti, na mara huona mbele yake picha na maneno, hata ya miaka mingi iliyopita. Baba hufanya hivyo kwa ajili ya kijana aliyekuja kumposa binti yake. Mwenye kazi kwa ajili ya mtu aombaye kazi. Wazee kwa ajili ya yule watakayemkabidhi fedha za chama. Basi yafaa tujiulize: Je, ni haki? Na kama ni haki, mpaka wake ni wapi?

Kwanza twasema wazi ya kuwa kutafuta habari si kosa. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Baba amwozaye binti yake pasipo kuuliza lolote, huo si upole, ni uzembe. Tena kutafuta kwaweza kuwa kazi ya huruma. Huko Ujerumani, katika mji wa Bad Arolsen, iko nyumba ya kutunzia hati za watu walioteswa na serikali ya Wanazi. Mwaka 2019 hati zaidi ya milioni 13 ziliwekwa katika intaneti, ili wana na wajukuu waandike jina la ndugu yao na kutafuta alikopelekwa. Nani atamlaumu mjukuu huyo?

Lakini yatupasa kujua ni shahidi wa namna gani tunayemwuliza. Mtambo wa kutafuta, kama ule wa Google ulioanza mwaka 1998, haumjui mtu awaye yote. Hupitia kurasa zilizowekwa na watu, na kuweka kumbukumbu ya kila neno limo katika ukurasa upi, mfano wa faharasa iliyo mwisho wa kitabu. Ukiuliza jina, hukuletea kurasa zenye jina lile, ukizipanga kwa alama nyingi, kama vile ukurasa upi waelekezwa na kurasa nyingine nyingi. Kuletwa mbele si ushuhuda kwamba neno ni la kweli. Wala mtambo hauna hakika kwamba jina ni la huyu umtafutaye au la mwingine. Katika Kilimanjaro, akina Yohana wa ukoo wa Mushi ni wangapi? Mmoja wao akiiba, na habari ikaandikwa, wengine wote huenda wakatiliwa shaka na watu wasiowajua.

Madhara yake si madogo. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalilipuka katika mashindano ya mbio katika mji wa Boston, Marekani. Watu wengi katika intaneti walianza kuwatafuta wenye hatia kwa kulinganisha picha. Wakamtaja kijana mmoja mwanafunzi, ambaye jamaa zake walikuwa wakimtafuta tangu mwezi uliotangulia. Hakuwa na hatia hata kidogo. Maiti yake ilionekana mtoni siku chache baadaye. Jamaa zake, wakiwa katika huzuni, walitukanwa na watu wasiowajua. Wale waliomtaja, wengi wao walidhani watenda mema.

Wako wasemao, “Lisemwalo lipo, na aliye safi aogope nini?” Twawajibu kwa habari ya mtu mmoja wa Hispania. Mwaka 1998 gazeti moja la Barcelona lilitangaza mnada wa nyumba yake kwa ajili ya deni. Neno lile lilikuwa kweli. Lakini miaka zaidi ya 10 baadaye, shauri lenyewe limekwisha zamani, kila aliyeandika jina lake aliliona deni lile kana kwamba ni la jana. Akashtaki. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua ya kwamba mtu aweza kudai habari zisizofaa tena ziondolewe katika majibu yatokayo jina lake linapotafutwa. Hapo twajifunza ya kuwa hata neno la kweli laweza kumdhulumu mtu, likitolewa nje ya wakati wake. Nchi zetu nazo zimeanza kulinda habari za watu: Kenya kwa sheria ya mwaka 2019, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Tukumbuke kazi ya mshenga. Yeye aliulizia habari za mtu, lakini aliuliza watu wenye majina na nyumba. Aliyesema uongo alijulikana, na aliyesingiziwa alipata nafasi ya kujibu. Mtambo hauna soni, na anayechunguzwa hajui kwamba amehukumiwa. Kijana hunyimwa kazi au mke, wala haambiwi sababu. Basi atajitetea mbele ya nani?

Kwa hiyo twaona mambo manne yampasa atafutaye. Awe na sababu ambayo angethubutu kumwambia mtu yule mwenyewe; maana kuchungulia maisha ya jirani kwa udadisi tu ni kama kusikiliza dirishani. Ahakikishe ya kuwa ni yeye, si mwenye jina kama lake. Aangalie habari ni ya lini. Na akikuta neno baya, asilipeleke kwa wengine, bali amwite mwenyewe, amwonyeshe, amsikilize kabla ya kukata shauri.

Hilo la nne ni gumu kuliko yote, kwa kuwa lataka uso kwa uso. Lakini ndilo litenganishalo kuuliza na kusengenya. Intaneti yaweza kutuonyesha yaliyoandikwa juu ya mtu. Kama amelipa, kama amejuta, kama amebadilika, hayo hujulikana kwa kuketi naye. Asiyekuwa na nafasi ya kuketi naye na azuie hukumu yake.