KUKU WA TUNDUNI NA DHIMA YA MNUNUZI

Mtu akiuliza kama yai la kuku aliyefungiwa tunduni ni halali, jawabu ni nyepesi: ni halali. Lakini lipo swali la pili, nalo ndilo tulikimbialo: kuku huyo ametendewaje hata yai lake likatufikia?

Yafaa ijulikane matundu hayo yakoje. Ni ya waya, yamepangwa safu juu ya safu, na ndani ya kila moja wamesongamana kuku kadha wa kadha. Sheria ya Ulaya ya zamani ilimpa kila kuku sentimita za mraba 550 tu, nazo hazitimii ukubwa wa karatasi moja ya barua. Hapo hawezi kukunjua mbawa zake. Hachakuri, haogi mchanga, hana kiota cha kutagia. Husimama juu ya waya mpaka siku ya kuondolewa.

Wenye kuyatetea husema: "Lakini analishwa na kunyweshwa." Tena hutaja khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, wakasema kosa lake ni kumnyima chakula, si kumfunga. Ni kweli kwamba kufuga ndani si haramu, Abu Umayr, naye mtoto, alikuwa na kidege chake, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Lakini hadithi ya paka imetaja mambo mawili: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhi. Na Sura ya An'am yatufundisha kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Na umma una mwendo wake wa kuishi. Tumeamrishwa ihsani hata katika kuchinja, kisu kinolewe. Basi vipi tuhangaikie dakika moja ya kisu, tusijali mwaka mzima na zaidi wa waya?

Wa kuambiwa si mama mjane anunuaye mayai mawili dukani. Hana la kuchagua. Ni kampuni za keki na biskuti, na mahoteli yetu ya pwani, wanunuao trei kwa mamia. Hao wamjua mfugaji wao, na neno lao moja lamgeuza. Ulaya matundu matupu yalipigwa marufuku tangu tarehe 1 Januari 2012. Huko Marekani, kampuni ya McDonald's iliahidi mwaka 2015 kuyaacha mayai ya tunduni, na mwaka 2024 ikatangaza kuwa imetimiza. (Twaona haya kidogo kwamba wauza mikate ya nyama wametutangulia katika jambo hili.)

Watasema bei itapanda. Itapanda, kwani banda la wazi lataka nafasi na mikono ya watu. Lakini mwenye kuandaa harusi ya watu mia tano hashindwi na nyongeza ya trei chache.

Basi ndugu, utakapoagiza mkate wa mayai wa Idi, muulize mwokaji ayapata wapi mayai yake. Na kampuni na mahoteli tuyaandikie barua, tuweke na majina yetu.