Mvi Hazifungi Mlango wa Ibada

 

Mama zangu na dada zangu katika imani, Mola wetu anatukumbusha katika Surat Ar-Rum, aya ya 54, kwamba alituumba wanyonge, akatutia nguvu, kisha baada ya nguvu akaleta unyonge na mvi. Aliyeupanga ujana ndiye aliyeupanga uzee. Basi ni nani wa kuuonea haya uzee?

Mwanamke huzipitia hatua hizi mwilini mwake. Akivunja ungo, sala na funga humlazimu. Ataolewa, atabeba mimba, atanyonyesha. Na katika miaka yote hiyo, hedhi na nifasi zikimjia huacha kusali na kufunga kwa kumtii Mola wake. Kisha damu hukatika. Wengi hapo hujiinamia wakidhani thamani yao imekwisha. La hasha! Sasa Ramadhani nzima ni yako, mwanzo hadi mwisho, na sala tano ni zako kila siku ya mwaka. Kama una deni la siku ulizokula, lilipe sasa ungali na nguvu. Na mwili ukishindwa kabisa kufunga, dini haikukalifishi: utalisha maskini mmoja kwa kila siku.

Mkumbukeni Ummu Ayman, aliyemlea Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) tangu utotoni. Mtume alipofariki, Abubakar na Umar walikwenda kumzuru, kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Walipofika akalia. Wakamwambia kuwa yaliyoko kwa Mwenyezi Mungu ni bora kwa Mtume wake. Akajibu kuwa hayo anayajua. Kinachomliza ni wahyi kukatika kutoka mbinguni. Nao wakaangua kilio pamoja naye. Miaka ilikuwa imemwendea, lakini kiu yake ya maneno ya Mola haikupungua.

Nanyi wana na wajukuu, zingatieni: Abubakar alikuwa khalifa, na hakutuma mtu amwite yule bibi. Alimwendea kwa miguu yake. Wewe una shughuli gani inayozidi ukhalifa hata mama yako akungoje mwezi mzima?

Ewe Mola, zijaalie amali zetu bora ziwe za mwisho wa umri wetu, warehemu mama zetu walio hai na waliotangulia, na utupe sisi subira ya kuwatumikia. Amin.